Mkongo ukikatika, vitabu vya biashara yako viko wapi?

JUMAPILI ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano inayopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa pwani ya kusini mwa Afrika. Jumatatu asubuhi ofisi nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji zilifungua kompyuta na kukuta intaneti inakwenda kwa kujikokota, na wengine hawakuipata kabisa.

Wakala mmoja wa forodha niliyezungumza naye pale Rusumo anaikumbuka wiki ile vizuri. Wateja watatu walikuwa wamesimama mlangoni kwake, malori yao yako uwanjani, na ankara zote, orodha za mizigo na hesabu za malipo alikuwa amezihifadhi kwenye programu ya kampuni ya nje ambayo humlipia ada kila mwezi. "Mzigo nauona kwa macho, karatasi yake siioni," aliniambia. Mwenye lori hakutaka kusikia habari za bahari. Alitaka kujua atalala mpakani usiku mangapi.

Jirani yake, ambaye naye ni wakala, alifanya kazi zake za ndani siku ile bila shida, kwa sababu ana seva yake mwenyewe, imewekwa chini ya meza karibu na birika la chai. Kazi za kutuma hati nje zilimkwama kama wengine, lakini vitabu vyake alivisoma. Hata hivyo, miezi michache baadaye diski ya seva hiyo ilikufa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, na kumbukumbu za wadaiwa wa mwaka mzima zikaenda nayo. Hakuwa na nakala.

Ndugu msomaji, wafanyabiashara hawa wawili ndio mjadala mzima wa TEKNOHAMA unaoendelea sasa katika kampuni za ukubwa wa kati huku kwetu. Wauzaji wa mitambo wanapita Kigali, Kayonza, Huye na Rubavu wakiwa na kompyuta za mkononi na picha za rangi. Mmoja anasema peleka kila kitu kwenye wingu. Mwingine anasema nunua masanduku yetu matatu, weka ofisini, halafu unganisha na wingu, upate vyote viwili. Neno lake la kitaalamu ni refu na linachosha ulimi: haipakonvajensi. Nimetumia wiki kadhaa kuwauliza mafundi na wenye fedha, na ninaandika haya kwa sababu watu wengi wanakaribia kutia saini bila kujua wananunua nini.

Tuanze na wingu lenyewe, kwa kuwa jina linapotosha. Wingu ni jengo. Ndani yake kuna kompyuta nyingi za mtu mwingine, zenye umeme wa uhakika, viyoyozi na walinzi, nawe unakodi sehemu yake. Kwa upande wetu wa dunia, Microsoft walifungua vituo vyao vya Johannesburg na Cape Town Machi 2019, Amazon wakafungua Cape Town Aprili 2020, na Google wakafungua Johannesburg Januari 2024. Kabla ya hapo wengi wetu data zetu zilikuwa Ulaya, na za wengine bado ziko huko. Rwanda haina bahari. Ankara ya Kigali inayohifadhiwa Ulaya husafiri kwa nyaya za faiba kuvuka nchi jirani hadi Mombasa au Dar es Salaam, ikaingia baharini, kisha jibu likarudi njia hiyohiyo.

Mwendo huo una gharama hata siku ambayo hakuna kilichokatika. Kwenda Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ni kidogo, utasema. Lakini programu nyingi za uhasibu za zamani zilitengenezwa zikae chumba kimoja na seva yake, na ili kufungua ankara moja huuliza seva maswali mia. Zidisha mwenyewe: sekunde kumi, huku mteja akikutazama usoni. Ndiyo maana mtu anahamisha programu yake kwenye wingu siku ya Ijumaa, na Jumatatu wafanyakazi wanaona kompyuta zimezeeka ghafla.

Ndugu zetu waliorejea kutoka Ubelgiji, Kanada au Uarabuni huona mjadala huu kama wa kizamani. Walikokuwa, intaneti ni kama maji ya bomba, na hakuna anayeuliza seva iko wapi. Nawaelewa. Lakini hata wakubwa walishafikia uamuzi wa kurudisha mitambo nyumbani pale ilipolazimu. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, kwa miaka mingi ilikuwa ikiendeshwa na seva zilizokuwa Ujerumani. Mwaka 2015 Safaricom waliihamishia Kenya. Mtu aliyekuwa akimtumia shangazi yake fedha kutoka Nairobi kwenda Kisii hakujua kwamba hesabu yake ilikuwa inapigwa Ulaya.

Aliyenielewa upesi kuliko wote ni mama mmoja wa Kayonza mwenye biashara ya jumla ya nafaka na mafuta ya kupikia. Alirejea kutoka Karagwe mwaka 2013, wakati Tanzania ilipowaondoa watu iliowaita wahamiaji haramu na maelfu wakavuka kwa miguu pale Rusumo. "Mwanangu, nilikuja na ng'ombe wachache na watoto," aliniambia. "Daftari la madeni lilibaki kule. Waliokuwa wanadaiwa walifurahi sana." Leo yeye na wanawe wana bohari mbili, moja Kayonza na nyingine karibu na mpaka, wafanyakazi wapatao thelathini, na muuzaji mmoja kutoka Kigali amewaletea karatasi ya bei ya masanduku matatu. Mama alinisukumia ile karatasi mezani akaniomba nimweleze kwa Kiswahili cha watu.

Zamani, kampuni iliyotaka mtambo wa maana ilinunua vitu vitatu tofauti. Kwanza seva, yaani kompyuta kubwa za kufanya hesabu. Pili kabati la diski, mahali pa kuhifadhi data zote. Tatu swichi maalumu na nyaya za kuunganisha hivyo viwili. Kila kimoja kilikuwa na muuzaji wake na fundi wake. Likitokea tatizo, wa seva alimtupia lawama wa kabati, wa kabati akamtupia wa swichi, nawe mwenye duka unawalipa wote watatu wanapobishana. Zaidi ya hayo, kabati la diski lilikuwa moja na ghali. Likilala, seva zote zinakodoa macho.

Haipakonvajensi inafuta hilo kabati. Unachukua seva za kawaida, kila moja ikiwa na prosesa, memori na diski zake, unaziunganisha kwa mtandao wa kasi, halafu programu inazichukua diski zote na kuzifanya ghala moja. Kila unapoandika ankara, programu huiandika katika masanduku mawili kwa wakati mmoja, na haikwambii "tayari" mpaka yote mawili yamekubali. Sanduku moja likifa, nakala iko kwa mwenzake. Juu ya ghala hilo zinakaa mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na umbo: moja ya uhasibu, moja ya stoo, moja ya mishahara. Sanduku lililozibeba likizimika, mashine pepe zinawashwa upya katika masanduku yaliyobaki, kwa kawaida ndani ya dakika chache, bila fundi kupanda basi kutoka Kigali.

Wazo hili halikuzaliwa kwa ajili ya wauza nafaka. Google walieleza mwaka 2003, katika andiko lao kuhusu mfumo wao wa kuhifadhi mafaili, namna ya kutumia maelfu ya kompyuta za bei nafuu huku ukikubali tangu mwanzo kwamba baadhi zitakuwa zimekufa wakati wowote, na kuiachia programu kazi ya kuziba pengo. Mmoja wa wahandisi waliofanya kazi katika mfumo huo, Mohit Aron, alikuwa miongoni mwa waanzilishi watatu wa kampuni ya Nutanix mwaka 2009, na mtambo wao wa kwanza ukaingia sokoni mwaka 2011. VMware wakatoa wa kwao, vSAN, mwaka 2014. Microsoft nao wana wao, ambao tangu Novemba 2024 unaitwa Azure Local. Kuna pia njia ya programu huria, Proxmox pamoja na Ceph, ambayo leseni yake haidai ada ila inadai fundi anayejua anachofanya.

Sasa rudi kwenye karatasi ya mama. Iliandikwa kwamba kila sanduku lina diski za terabaiti 10, na jumla kwa herufi nene ni terabaiti 30. Hapa ndipo napenda wasomaji wetu wafungue macho. Ikiwa kila kitu kinaandikwa mara mbili, zile 30 tayari ni 15. Kisha jiulize: sanduku moja likifa, yale mawili yaliyobaki yana terabaiti 20, na humo mfumo unatakiwa uandike upya nakala zote mbilimbili ili usibaki na nakala moja moja. Ishirini gawanya kwa mbili ni 10. Kwa hiyo anayenunua 30 ana 10 za kutumia kwa usalama. Si wizi, ndivyo mtambo ulivyo, lakini muuzaji asiyesema hivyo kabla ya malipo atakuja kukuuzia sanduku la nne mwaka wa pili.

Mama aliniuliza swali ambalo hata fundi wa muuzaji lilimpa kazi: kwa nini matatu, si mawili? Jibu lake ni zuri, nalo linawahusu sana wanaofanya biashara sehemu mbili. Chukua ndugu wawili, mmoja yuko bohari ya Kayonza, mwingine mpakani, na kuna mfuko mmoja tu wa mchele uliobaki. Simu inakatika. Kila mmoja anadhani mwenzake amefunga duka, kila mmoja anauuza ule mfuko. Simu ikirudi, kuna vitabu viwili na mfuko mmoja. Masanduku mawili yakipoteza mawasiliano baina yao hufanya vivyo hivyo yasipozuiwa. Yakiwa matatu, yale mawili yanayoonana ni wengi, yanaendelea na kazi, na lile la peke yake linajinyamazisha. Unaweza pia kuwa na mawili tu ukaweka shahidi, na hilo ndilo jina lake hasa katika lugha ya mafundi: kompyuta ndogo mahali pengine, hata kwenye wingu, ambayo haihifadhi bidhaa yoyote ila inapiga kura. Kwa biashara ya ukubwa wa mama huyu, mawili na shahidi yangetosha kabisa. Muuzaji hakulitaja hilo.

Kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa ukali kidogo, kwa maana nimelisikia likipotoshwa ofisi baada ya ofisi. Nakala mbili ndani ya mtambo si bakapu. Mfanyakazi akifuta orodha ya wadaiwa kwa bahati mbaya, mtambo unafuta nakala zote mbili kwa utiifu mkubwa. Zikiingia zile programu za kuteka mafaili na kudai fidia, zitafunga nakala zote mbili. Na masanduku matatu yaliyo katika kabati moja, chumba kimoja, yanaungua moto mmoja.

Wakubwa wameshaungua. Machi 10, 2021, jengo moja la kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu. Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, chanzo kikiwa betri za lithiamu, na ghala la mafaili ya watumishi wa serikali lenye terabaiti 858 likapotea kwa sababu halikuwa na nakala nje. Korea Kusini, nchi inayotuuzia simu na televisheni!

Wingu nalo lisikupe usingizi wa bure. Mei 2024, mwezi uleule wa mikongo yetu, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulikuta wingu lake binafsi katika huduma za Google limefutwa kutokana na kosa la upangaji. Walikuwa na nakala katika maeneo mawili, lakini zikafutika pamoja. Kilichosaidia kuwarudisha ni bakapu waliyokuwa wameiweka kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Hapa ndipo mfumo mseto, yaani nyumbani na kwenye wingu kwa pamoja, unapopata maana kwa watu wetu. Kazi ya kila saa, ankara, stoo, mizani ya malori, iwe karibu, ifanye kazi hata bahari ikichafuka. Nakala ya kila usiku iende mbali. Barua pepe na tovuti zikae kwenye wingu moja kwa moja, hazina sababu ya kukaa Kayonza. Siku bohari ikiungua, mashine pepe zinaweza kuwashwa huko kwenye wingu kutoka katika ile nakala mkiwa mnatafuta jengo jingine.

Lakini piga hesabu ya barabara kwanza. Mwenye terabaiti 2 za data na intaneti ya kupandisha megabiti 20 kwa sekunde atahitaji zaidi ya siku 9 mfululizo kupeleka nakala ya kwanza, bila mtu mwingine kutumia laini hiyo. Baada ya hapo hupelekwa yale tu yaliyobadilika, na usiku mmoja unatosha. Kuzirudisha pia kuna bei: makampuni ya wingu kwa kawaida hayakutozi kuingiza data, yanakutoza unapozitoa. Mapema mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft walitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaohama moja kwa moja. Anayechota kila siku bado analipa.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, ingawa faini si fupi. Sheria ya Rwanda ya kulinda data binafsi, namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021, inataka data za watu zihifadhiwe nchini, isipokuwa mwenye biashara awe na cheti kinachomruhusu kuzihifadhi nje, kinachotolewa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mitandao. Miaka miwili ya kujiandaa ilikwisha Oktoba 2023. Majina, simu na madeni ya wateja ni data binafsi. Wanaofanya kazi pande mbili za mpaka wakumbuke kwamba Kenya na Uganda zina sheria za namna hiyo tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo daftari moja linaweza kuwa chini ya serikali mbili.

Halafu kuna leseni. Wengi waliojenga mitambo hii miaka ya nyuma walinunua programu ya VMware mara moja, ikawa yao. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, na Desemba ya mwaka huohuo ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kukodi. Wateja kote duniani walilalamika juu ya bei mpya, na hata kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, ilikwenda mahakamani mwaka 2024. Kama AT&T alihitaji mawakili, wewe wa Nyabugogo muulize muuzaji swali hili na ulitake kwa maandishi: mwaka wa tatu nisipolipa ada, mtambo utazima, au utaendelea bila marekebisho mapya? Mashine pepe zangu zinaweza kuhamia programu nyingine, na nani atazihamisha?

Si kila mtu anahitaji haya. Duka lenye kaunta moja na mtu mmoja wa kuandika halihitaji sanduku hata moja la aina hii. Linahitaji akaunti ya wingu yenye nywila nzuri, diski ya nje inayochukuliwa nyumbani kila jioni, na daftari la karatasi kwa siku mbaya. Masanduku yanadai betri za akiba, chumba kisicho na vumbi, ubaridi, na mtu wa kuangalia taa nyekundu. Naona yanaanza kulipa pale biashara ikisimama saa nne inapoteza zaidi ya mshahara wa fundi: mabasi ya masafa, mawakala wa forodha wenye wateja wengi, vyama vya akiba na mikopo, hospitali binafsi, bohari kama za mama.

Mama huyo tulimaliza naye jioni. Alimpigia muuzaji palepale, mbele yangu, kwa sauti ile ya mtu aliyewahi kununua ng'ombe mnadani. Alisema anataka masanduku mawili, moja kila bohari, na shahidi awe Kigali. Mwanawe mkubwa alimkumbusha kwamba kwa mpango huo laini ya kati ya bohari mbili lazima iwe ya kasi na ya uhakika, la sivyo kila ankara itasubiri sanduku la mbali likubali kuandika. Mama akasema basi yote mawili yakae Kayonza, na bakapu iende nje kila usiku. Kisha akaongeza sharti: kabla ya kulipa hata faranga moja, muuzaji alete masanduku yake ya maonyesho, binti wa ofisi aanze kuandika ankara, na yeye mama mwenyewe achomoe waya wa umeme wa sanduku moja. Na siku hiyohiyo watoe faili moja kwenye bakapu mbele yake, alione.

Upande wa pili wa simu kulikuwa na kimya, kisha ahadi ya kupanga siku. Imepita wiki ya pili sasa, na mpaka naandika makala haya muuzaji hajarudi Kayonza.